Mlolongo, Walukuba

Hapakuwa na karatasi, wala sanduku, wala pazia.
Kura ya mtaa unaipiga kwa mgongo:
unasimama nyuma ya umtakaye,
jua likishuhudia, na jirani, na mwenye nyumba wako.

Mimi ni fundi cherehani. Watu nawajua kwa nyuma.
Kola ile iliyopinda ni ya Ocaya,
aliichukua mkesha wa Pasaka kabla sijaipiga pasi.
Gomesi lile la zambarau ni la mama Naigaga,
nimelipunguza mara mbili tangu augue sukari.
Basi mlolongo wa Tenywa niliusoma kama daftari la madeni:
huyu anadaiwa kodi,
huyu anangoja barua yenye muhuri,
huyu ameahidiwa kufagia soko,
na yule yupo tu kwa kuwa kivuli kiko upande ule.

Tenywa mwenyewe mbele, suti ya kijivu,
(si kazi yangu; mabega yanamdanganya)
miaka kumi na saba mwenyekiti.
Chumba changu ni chake. Bati langu ni lake.
Mtaro unaonipitia mlangoni,
huo peke yake ndio hauna mwenyewe.

Upande wa pili Fausta Nekesa, muuza dagaa,
na watu kumi na mmoja,
akiwemo mumewe, aliyekuwa akitazama viatu.

Walituambia Jinja sasa ni jiji.
Ubao wa barabarani ukapakwa rangi.
Korongo wakabaki palepale juu ya jaa
wakingoja bajeti pamoja nasi.
Mvua ya Aprili ikaingia jijini kwa mlango wangu,
ikakaa kitako juu ya vitambaa vya sare za shule
siku tatu, kama mgeni wa msiba.

Nikasema moyoni: kodi nimelipa mpaka Juni.
Nikasema: Juni si mbali.
Nikasema: miguu, haya.

Hatua kumi na nne. Nilizihesabu, mazoea ya kupima.
Sikuwahi kujua uwanja wa shule una upana huo.
Mtu akakohoa.
Tenywa akanitazama, akatabasamu
kama mtu anayefunga kitabu.
Nikasimama nyuma ya kijana wa bodaboda.
Nyuma yangu, upepo mtupu.
Kisha pumzi. Sikugeuka.
Kisha harufu ya sabuni ya mche, na sauti:
“Sogea mbele, fundi, tunaungua huku.”
Naigaga. Na gomesi lake lote.

Wakahesabu kwa kugusa bega.
Mtoto mmoja akatolewa, umri haujafika, akalia kwa hasira.
Wakahesabu tena.
Tofauti: watu watatu.
Watatu! Hawajazi hata benchi.

Kesho yake Nekesa akakabidhiwa muhuri uliokauka wino
na ufunguo wa ofisi isiyo na kitasa.
Fedha hakuna. Fedha ziko jijini,
na jiji liko ghorofani.

Sikumpigia vigelegele. Nilimletea futi yangu ya kupimia.
Tukainama wawili juu ya mtaro kabla soko halijafunguka,
mimi nikitaja, yeye akiandika
kwenye karatasi ya kufungia dagaa:
urefu, kina, mahali ukingo ulipobomoka.
“Barua yenye vipimo,” akasema, “ni vigumu kuitupa.”

Sijui. Nimeshona nguo nyingi
ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Nikamwambia: “Fausta, ukipwaya nitakupunguza.”
Akacheka, lakini alisikia.

Tenywa amepandisha kodi. Nilijua.
Nakala ya vipimo iko daftarini, ukurasa wake peke yake:
jina la mteja, Mtaa;
malipo ya awali, hatua kumi na nne;
na penye tarehe ya kuchukua
nimeacha wazi,
penseli imelala hapo hapo.